Sindano ya pili

Waliozoea posti zangu wanajua napenda historia ya vitu ambavyo hakuna mtu hufundisha shuleni. Leo ni maji ya tumbo. Usipite kwanza, ngoja nianze na mtu unayemjua.

Ludwig van Beethoven, yule mtunzi wa muziki, alikufa Vienna tarehe 26 Machi 1827. Miezi ya mwisho alikuwa amegeuka manjano, miguu imefura, tumbo limejaa maji. Walimtoboa tumbo mara nne kuyatoa, mara ya kwanza tarehe 20 Desemba 1826. Dawa ya ganzi ilikuwa bado haijavumbuliwa, kwa hivyo jifikirie mwenyewe. Walipompasua baada ya kufa walikuta ini limekunjamana hadi karibu nusu ya ukubwa wake, gumu kama ngozi, lina vinundu vya kama maharagwe. Na tumboni bado kulikuwa na maji ya kijivu-kahawia, yametibuka.

Hilo neno "yametibuka" ndilo hunikwamisha. Maji ya tumbo la mgonjwa wa ini kwa kawaida huwa ya manjano na safi, unaona upande wa pili wa chupa. Yakitibuka, daktari wa leo anashuku bakteria papo hapo. Wale wa Vienna hawangeweza. Hata jina sirosisi, yaani ini kujaa makovu, lilikuwa na miaka minane tu tangu Mfaransa René Laennec alitoe mwaka 1819. Habari ya bakteria kuleta magonjwa ilikuwa bado miongo kadhaa mbele. Walitoboa, wakatoa maji, wakaomba Mungu.

Mwaka 2023 wanasayansi walichunguza chembe za urithi kutoka nywele za Beethoven zilizohifadhiwa. Walikuta alikuwa na virusi vya hepatitisi B. Pombe alikunywa, ndiyo, lakini hakuwa na pombe peke yake.

Hapo ndipo mjomba wangu anaingia. Mjomba hakuwahi kuonja pombe, alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa na hepatitisi B, akajua akiwa tayari tumbo limeanza kujaa. Na bado kwa matanga nilisikia watu wakinong'onezana ati "si unajua chang'aa." Manze. Hapa kwetu ini linaharibiwa na hepatitisi B, na kichocho cha watu wa kando ya Ziwa Victoria na mashamba ya mpunga ya Mwea huziba mishipa ya damu ya ini, na bado kila tumbo lililofura tunaliita ulevi.

Mjomba alilazwa mwaka jana akiwa amechanganyikiwa, hajui siku ni gani. Homa kidogo tu. Walimchoma sindano tumboni, wakapeleka maji maabara, wakamwanzishia antibayotiki ya dripu. Mimi ndiye nilikuwa nalala naye wodini, kwa sababu kwa familia mtu ambaye ameacha chuo ndiye huonekana hana kazi. Siku ya tatu niliuliza kama watapima tena yale maji. Niliambiwa hakuna haja, homa imeshuka. Siku ya sita aliacha kukojoa. Siku ya tisa tulimpoteza.

Sisemi sindano ya pili ingemwokoa. Lakini nilitaka kujua hiyo sindano ilitoka wapi, na mbona watu wengine huitaja kama lazima.

Ugonjwa wenyewe ni wa ajabu. Kwa kawaida usaha tumboni una chanzo: kidole tumbo kimepasuka, utumbo umetoboka. Kwa mgonjwa wa ini hakuna tundu. Bakteria wa kawaida wa matumbo wanapenya ukuta wa utumbo, wanaingia kwenye tezi, kisha damuni, halafu wanaishia kwenye yale maji, ambayo hayana protini za kutosha za kuwaua. Madaktari wa Uingereza waliandika kuhusu wagonjwa kama hao mwaka 1963. Mwaka uliofuata Mmarekani Harold Conn naye akaandika, na ndiye aliyeupa jina linalomaanisha maambukizi yaliyojianzisha yenyewe. Wengi wa wagonjwa wa wakati huo walikufa.

Na dalili hudanganya. Mwingine ana maumivu makali, mwingine amechanganyikiwa tu, mwingine hana kitu kabisa. Kwa hivyo ukingoja mgonjwa alalamike utachelewa. Njia ni kuchoma sindano, kuweka maji chini ya hadubini na kuhesabu neutrofili, zile chembe nyeupe za damu ambazo hukimbilia maambukizi kwanza. Zikifika 250 kwa kila milimita moja ya ujazo, unaanza dawa bila kungoja bakteria waote. Watu walijaribu kurahisisha hata kwa vile vikaratasi vya kupima mkojo, lakini vilikosa wagonjwa wengi mno. Kuhesabu kulibaki kuhesabu.

Kuotesha bakteria nako kulikuwa na shida, maana kwa njia ya zamani mara nyingi hakuna kilichoota. Mmarekani Bruce Runyon na wenzake walionyesha, kufikia 1990, kwamba ukiyamwaga maji hayo kwenye chupa za kuotesha damu palepale kitandani, unawanasa wengi zaidi. Kitu rahisi hivyo, na kilichukua miaka yote hiyo.

Dawa nazo zina hadithi yake. Mwaka 1985 madaktari wa Barcelona walilinganisha sefotaksimu na mchanganyiko wa zamani wa ampisilini na tobramaisini, ambayo huumiza figo. Sefotaksimu iliponya karibu asilimia 85, ule mchanganyiko asilimia 56. Mwaka 1991 kikundi cha Runyon kikaonyesha siku tano za dawa zinatosha kama kumi. Halafu 1999, Barcelona tena, wagonjwa 126: nusu walipewa antibayotiki peke yake, nusu wakaongezewa albumini, protini inayotolewa kwa damu ya watu. Figo ziliharibika kwa asilimia 33 ya kundi la kwanza na 10 ya kundi la pili. Waliofia hospitali walikuwa asilimia 29 dhidi ya 10. Niliposoma hiyo nilifunga simu nikakaa kimya kidogo, kwa sababu mjomba tulimpoteza kwa figo, na albumini hatukuwahi hata kuisikia.

Sasa sindano ya pili. Wazo ni hili: baada ya saa 48 za dawa unatoa maji tena na kuhesabu. Neutrofili zikipungua kwa robo au zaidi, dawa inafanya kazi. Zisipopungua, mambo ni mawili: bakteria ni sugu na unabadilisha dawa, au kumbe kuna tundu kwenye utumbo na mgonjwa anahitaji upasuaji. Homa haiwezi kukuambia hayo, hasa kwa mtu ambaye hata mwanzoni hakuwa na homa ya maana.

Hata wataalamu hawakukubaliana kila wakati. Kuna kipindi mwongozo wa Marekani ulisema kama mgonjwa ni wa kawaida na anapata nafuu, kurudia si lazima. Wa Ulaya wa 2010 ulishikilia kurudia. Wakati huo bakteria sugu walikuwa wanaongezeka, hasa wale ambao mtu huwapata akiwa hospitalini. Mwaka 2016 Waitaliano walichapisha utafiti mdogo wa wagonjwa kama hao: dawa ya kundi la sefotaksimu ilifaulu kwa asilimia 25 tu, mchanganyiko wa dawa kali zaidi kwa karibu 87. Kufikia 2021 Wamarekani nao walikuwa wamerudi kwa sindano ya pili. Kwa hivyo aliyenijibu wodini hakutunga uongo. Alikuwa anarudia kitu ambacho kiliwahi kuwa sahihi, wakati antibayotiki zilikuwa bado zinaogopwa.

Na najua wodi zetu. Sista mmoja, vitanda kibao, maabara inafungwa jioni. Lakini hii si mashine ya mamilioni. Ni sindano, chupa, hadubini na mtu wa kuhesabu. Kuna utafiti wa Marekani wa 2014 ulioonyesha hata sindano ya kwanza ikicheleweshwa zaidi ya saa 12, hatari ya kufa inapanda zaidi ya mara mbili.

Kama uko na mtu wodini wiki hii na tumbo lake limejaa maji, uliza kwa heshima: daktari, maji yamepimwa? Neutrofili ni ngapi? Tutarudia lini? Na figo zinaendeleaje? Andika namba na tarehe kwenye simu yako. Sisi tuna karatasi moja ya mjomba, iko kwa kabati ya mama, na namba moja tu.