SOMO LA HISTORIA: WENYE UTA NA WALINZI WA TSAVO

Aliyekwisha jua kusoma na awasomee wenzake pole pole. Anayeanza na afuate mstari kwa kidole.

Leo tutasoma habari za ndovu wa Tsavo, na za watu wa namna mbili waliowajua sana: wawindaji na walinzi.

Tsavo iko Kenya, kati ya Nairobi na Mombasa. Ni nyika kavu yenye udongo mwekundu. Hata ndovu wake huonekana wekundu, kwa kuwa hujirushia vumbi la udongo huo. Mashariki ya nyika hiyo, kuelekea pwani, waliishi Waata. Jirani zao huwaita Waliangulu, na wengine huwaita Wasanye. Kazi yao kubwa ilikuwa kuwinda, na mnyama wao mkubwa alikuwa ndovu.

Je, mtu humwuaje ndovu bila bunduki? Uta wa Mwata ulikuwa mrefu na mgumu. Kuuvuta kulitaka nguvu ya ratili 100 na zaidi. Mshale ulipakwa sumu ya miti, ambayo mara nyingi ilipikwa na Wagiriama. Sumu hiyo ilijaribiwa hivi: fundi alijichanja ngozi kidogo, akaacha damu ichuruzike, kisha akaigusa kwa sumu mwisho wake wa chini. Damu iligeuka nyeusi, na weusi ukapanda kuelekea kidonda. Aliifuta kabla haujafika! Weusi ukipanda upesi, sumu ilikuwa kali.

Mwindaji alimfuata ndovu akiangalia upepo, akamsogelea mpaka karibu kabisa. Mtoto wa Mwata alifundishwa kusoma nyayo kama ninyi mnavyofundishwa kusoma herufi. Nyayo zilimwambia mnyama ni mkubwa kiasi gani, amepita lini, na anakwenda wapi.

Nyama ililiwa na watu wa kambi. Pembe zilikwenda kwa wengine. Zamani desturi iliwataka Waata watoe pembe moja ya kila ndovu kwa wakubwa wao, Waoromo. Baadaye wachuuzi walinunua pembe kwa bei ndogo, nazo zikauzwa ng'ambo kwa bei kubwa. Likumbukeni jambo hili, tutalirudia.

Serikali ya kikoloni ilipokuja iliweka sheria. Mtu hakuwa na ruhusa kuwinda ndovu ila awe na leseni, na leseni ilinunuliwa kwa fedha. Mgeni tajiri aliweza kuinunua. Mwata hakuweza. Basi kazi aliyofundishwa na baba yake ikawa wizi. Mwaka 1948 ikaanzishwa Mbuga ya Taifa ya Tsavo, yenye maili za mraba kama 8,000, na mahali alipozoea kuwinda pakawa pa marufuku.

Mlinzi mkuu wa kwanza wa Tsavo Mashariki alikuwa David Sheldrick, aliyefanya kazi huko mpaka mwaka 1976. Alitengeneza barabara katika nyika, akajifunza tabia za ndovu, na pamoja na mkewe Daphne akalea watoto wa ndovu waliopotewa na mama zao. Mwaka 1956 na 1957 yeye, mwenzake Bill Woodley na askari wao walifanya msako mkubwa. Waata wengi walikamatwa wakafungwa.

Lakini baadhi ya wale waliowasaka walitambua kwamba hawa ni mafundi, si wezi tu. Kwa hiyo mwaka 1960 ulianzishwa mpango katika nchi ya Galana, kando ya mbuga. Waata wangewinda kwa ruhusa na kwa hesabu, wapate mshahara, na nyama na pembe ziuzwe wazi. Ian Parker alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Wazo lilikuwa jema, lakini halikudumu. Miaka ya sitini haikuisha kabla nchi ile haijakodishwa kuwa shamba la ng'ombe. Waata hawakupata nchi wala uwindaji.

Je, ndovu walisalimika kwa kuwa uta umenyang'anywa? Hapana. Ukame wa mwaka 1970 na 1971 uliua maelfu. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa leseni, lakini majangili wenye bunduki za kivita waliendelea kuua, na askari wa wanyama wakafa wakiwalinda. Mwaka 1989 Rais Moi alichoma moto tani 12 za pembe mjini Nairobi, na mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kuzuia biashara ya pembe. Hapo ndipo ndovu walipoanza kuongezeka tena. Hesabu ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba Kenya ina ndovu zaidi ya 36,000.

Ndugu zangu, tunajifunza nini? Mlinzi anastahili heshima, na jina la Sheldrick limeandikwa vitabuni. Majina ya askari wengi Waafrika hayajulikani hivyo. Na Mwata? Jina lake liliandikwa katika kitabu cha mahakama. Hatusemi kwamba hakuua ndovu wengi, aliua. Lakini mnunuzi wa pembe ndiye aliyepata faida, na mwenye uta ndiye aliyepata kifungo. Elimu yake ya nyayo, upepo na miti ni mali ya nchi, na wazee wanaoijua wanapungua.

Sasa ninyi mnajua kuandika. Kabla ya somo lijalo, mwendeeni mzee mmoja. Mwulizeni majina ya wanyama, ya miti na ya nyayo, kwa lugha yake. Yaandikeni katika daftari, na jina la mzee mliandike juu kabisa.

Maswali ya kujibu:
1. Waata waliijaribuje sumu?
2. Kwa nini Mwata hakuweza kupata leseni?
3. Katika biashara ya pembe, nani alipata faida na nani alipata hasara?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.