Kaa Mmoja, Majina Matatu

Zamani, nikiwa ningali mwalimu wa sekondari, mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, saratani na kansa zina tofauti gani?" Nilimjibu upesi kwamba ugonjwa ni uleule, jina la kwanza tumelipata kwa Waarabu, la pili kwa Waingereza. Kisha nikafuta ubao. Jibu lile halikuwa uongo, lakini lilikuwa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye utamu. Naomba niilipe leo mbele yenu, wapenzi wa lugha.

Katika Ugiriki ya kale, maandiko ya utabibu yanayohusishwa na Hippocrates, aliyezaliwa yapata mwaka 460 KK, yaliuita uvimbe wa namna fulani karkinos, na pia karkinoma. Karkinos ni kaa, huyuhuyu wa ufukweni. Galen, tabibu wa karne ya 2 BK, alieleza kwamba mishipa iliyovimba kuuzunguka uvimbe wa titi hutanda mithili ya miguu ya kaa.

Picha hiyo ikashika njia mbili. Huko Roma, mwandishi Celsus wa karne ya 1 BK aliutaja ugonjwa huo kwa neno la Kilatini cancer, lenye maana ya kaa. Waingereza wakalirithi, nasi tukapata kansa. Upande wa mashariki, katika mji wa Baghdad wa karne ya 9, Hunayn ibn Ishaq na wenzake walifasiri vitabu vya Galen. Kaa kwa Kiarabu ni saratan, nasi tukapata saratani. Karkinoma lenyewe halikufasiriwa. Limetufikia hospitalini likiitwa karsinoma, na kile kiishio chake, -oma, wataalamu wa leo hukipachika kwenye mashina mengine kutaja uvimbe: melanoma, kutokana na melas, yaani -eusi. Sarkoma, kutokana na sarx, yaani nyama.

Basi istilahi inayomtisha mgonjwa wa leo ilianza kama tashibiha ya mtu aliyetazama kwa makini. Wazee wetu nao walitazama vivyo hivyo. Wagiriki walipouona mwili umekakamaa waliuita ugonjwa ule tetanos, yaani mkazo; sisi tukauita pepopunda. Ugonjwa wa kutapika na kuhara tukauita kipindupindu, na ndani yake kitenzi pindua kingali kinasikika.

Kwa hiyo nashindwa kukubaliana na wanaodai kwamba Kiswahili hakina kifua cha kubeba utabibu. Kigiriki hakikuzaliwa na istilahi. Kiliokota kaa ufukweni, kikamtia kazini. Nasi tuna pwani ndefu na kaa tele.

Mwanafunzi wangu yule sasa ni mtu mzima. Ikiwa ayasoma haya, na anisamehe kwa haraka yangu: majina ni tofauti, kaa ni mmoja.