Marehemu Asiye na Upande: Kilio cha Wanamuziki Mashuhuri katika Uvira na Ukingo wa Kaskazini wa Ziwa Tanganyika

Mwanamuziki wa Kongo Papa Wemba alianguka jukwaani mjini Abidjan alfajiri ya Jumapili, tarehe 24 Aprili 2016, kamera zikimmulika na wachezaji wake wakiendelea kucheza nyuma yake kwa muda mfupi kabla hawajatambua kilichotokea. Alifariki akiwa na miaka 66. Siku nne baadaye mwili wake ulipokewa Kinshasa, ukawekwa katika jengo la Bunge ili umma uuage, Rais Joseph Kabila akamtunuku nishani ya taifa, na tarehe 4 Mei Wemba akazikwa. Yaliyofanyika Kinshasa yamesimuliwa vya kutosha. Swali la makala haya liko upande wa pili wa nchi. Marehemu alizaliwa Lubefu, Sankuru, akakulia Kinshasa, akajijengea ufalme wake wa muziki na mavazi katika mtaa wa Matonge, na sehemu kubwa ya nyimbo zake ni za Kilingala. Uvira ni mji wa Kiswahili, umebanwa kati ya milima na maji, Bujumbura ikionekana kwa macho ng'ambo ya ziwa, ilhali Kinshasa haifikiki kwa barabara. Basi kwa nini msiba wa mtu wa namna hiyo uhesabiwe kuwa msiba wa watu wa ukingo huu? Majibu mawili huwa karibu na ulimi: kwamba kilio hicho hutengenezwa na serikali na vyombo vya habari, au kwamba ni starehe ya watu waliochoka, wanaomlilia mwimbaji ili wasifikirie maiti walio jirani. Yote mawili yana chembe ya ukweli, na yote mawili yanakosa jambo lenyewe. Hoja yangu ni kwamba katika eneo hili nyota wa muziki anapokufa huwapa watu kitu ambacho vita vimekifanya kuwa adimu: marehemu anayeweza kuliliwa na wote, hadharani, bila mwombolezaji kuulizwa yuko upande wa nani.

Uzito wa jambo hilo hauonekani mpaka tukumbuke kilio ni nini Uvira. Wavira, Wafuliiru, Wabembe, Warundi, Wanyamulenge, pamoja na watu waliotoka Bukavu, Maniema na Kasai, wana taratibu zao tofauti za kuzika, lakini wote wanakubaliana katika hili: kilio ni mahali pa kuonekana. Watu hukaa nyumbani kwa wafiwa, wengine hulala hapohapo, mchango huandikwa, na aliyekuja hukumbukwa kama anavyokumbukwa asiyekuja. Kutokwenda kilioni bila sababu ni tamko zito kuliko tusi. Chombo hicho cha ujirani kimeharibiwa taratibu tangu 1996, Uvira ilipokuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuanguka katika vita vilivyomwondoa Mobutu. Makobola, kusini mwa mji, mamia ya raia waliuawa kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 inataja zaidi ya 800, na kuwahusisha waasi wa RCD na washirika wao wa kigeni. Gatumba, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wa Burundi, zaidi ya wakimbizi 150, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa usiku wa tarehe 13 Agosti 2004. Mutarule, katika bonde la Ruzizi, watu wasiopungua 30 waliuawa usiku wa tarehe 6 Juni 2014, wengi wakiwa kwenye ibada. Wafu wa kila mahali hapo wana watu wao, na kila anayewataja wa Makobola mbele ya hadhira iliyochanganyika anajua swali litakalofuata: na wale wa Gatumba je? Anayewataja wa Gatumba huulizwa juu ya Mutarule. Maombolezo yamegeuka ushahidi katika kesi ambayo haijawahi kufunguliwa, na asiyelia pamoja nasi anahesabiwa kuwa shahidi wa upande wa pili.

Mwanamuziki yuko nje ya kesi hiyo. Si kwamba alikuwa mtakatifu, wala kwamba hakuwa na kabila. Kila mtu anajua Wemba alikuwa Mtetela. Ila utetela wake hauko katika mgogoro wowote wa ardhi, wa uchifu au wa uraia kati ya Ruzizi na Fizi. Anaweza kuliliwa na Mfuliiru na Munyamulenge katika baa moja, wala hakuna atakayemshuku mwenzake kwamba machozi yake yana ajenda. Tena wapo pamoja naye tangu zamani: waliozaliwa miaka ya 1960 walimsikia katika Zaïko Langa Langa, wadogo zao katika Viva la Musica aliyoianzisha 1977, na watoto wao walimwona katika filamu ya 1987, *La Vie est belle*. Ndoa, ubatizo na sherehe za kuhitimu za vizazi vitatu zimepita juu ya sauti ileile. Pana jambo jingine katika wasifu wake ambalo waandishi hulitaja kwa kupita tu, nami naliona kuwa la msingi: mama yake alikuwa mwimbaji wa misibani, naye alipokuwa mtoto alikuwa akifuatana naye. Sauti ile ya juu, yenye kuvuta pumzi mwishoni kama mtu anayetaka kulia, ilifunzwa katika kazi ya kuwaongoza wafiwa. Watu wa Uvira hawakuhitaji kujua habari hiyo ili kuisikia.

Lugha ndiyo pingamizi la kwanza. Kilingala, litasemwa, si lugha ya ziwa. Kwa wengi wa bonde la Ruzizi kimesikika kwanza kinywani mwa askari kwenye kizuizi cha barabarani, akidai kitambulisho au pesa. Ni kweli, na ndiyo maana nyimbo zina maana zaidi hapa kuliko Kinshasa kwenyewe. Kuna Kilingala cha kuamrishwa na kuna Kilingala cha kuimbiwa, na mtu yuleyule anayeinamisha kichwa mbele ya cha kwanza hujitolea mwenyewe kukifuata cha pili, hata pale asipoelewa nusu ya maneno. Mwanamuziki Franco Luambo alipofariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, Mobutu alitangaza siku nne za maombolezo ya taifa. Ilikuwa amri ya dikteta, hilo halikanushiki. Lakini kwa mkazi wa mashariki hiyo ilikuwa mojawapo ya mara chache ambapo amri kutoka Kinshasa ilimtaka afanye jambo ambalo angelifanya bila amri. Hata hivyo lugha haielezi kila kitu, kwa kuwa ukingo huu una mkondo wa pili wa muziki, unaokwenda mashariki. Remmy Ongala, aliyezaliwa karibu na Kindu mwaka 1947, aliondoka Kongo mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy mjini Dar es Salaam, akaimba kwa Kiswahili juu ya umaskini na kifo, na alipofariki tarehe 13 Desemba 2010 Tanzania ilimlilia kama mwanawe. Kituo kimoja cha daladala huko Sinza, mjini humo, kinaitwa kwa jina lake mpaka leo. Kwa masikio ya Uvira maneno ya Remmy ni mepesi kuliko ya Wemba. Kama ukaribu wa lugha ungekuwa ndio kipimo, huyu ndiye angestahili kuwa nyota mkuu wa ukingo huu. Nafasi aliyopewa na watu wa Kongo imekuwa ndogo kuliko sifa yake, na sababu, nadhani, ni kwamba yeye aliondoka na kuwa wa wengine, ilhali Franco na Wemba, hata walipoishi Ulaya, waliendelea kuwa mali ya nchi isiyokuwa na mali nyingine nyingi za pamoja.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa maji. Kama kinachotafutwa ni marehemu asiye na upande, wafu wa mafuriko wanatosha. Katikati ya Aprili 2020 mto Mulongwe na mito mingine ilifurika ndani ya Uvira, ikaua watu wengi na kuwaacha maelfu kwa maelfu bila nyumba. Tarehe 4 Mei 2023 mvua iliporomosha milima ya Kalehe, katika mkoa wa Kivu Kusini ulimo Uvira pia, na zaidi ya watu 400 wakafa huko Bushushu na Nyamukubi. Mto hauna kabila. Serikali ilitangaza siku moja ya maombolezo ya taifa, tarehe 8 Mei. Siku moja kwa mamia, siku nne kwa Franco: aliye na haraka ya kukasirika atakuwa ameshakasirika. Lakini linganisho hili linafundisha zaidi likichunguzwa kuliko likilaaniwa. Waliokufa Kalehe walikuwa na ndugu, na ndugu hao waliwalilia. Walichokosa ni watu wa mbali wenye kumbukumbu nao. Huwezi kumlilia usiyemjua isipokuwa kwa namna ya jumla, na huzuni ya jumla huisha na taarifa ya habari. Kwa hiyo hoja yangu inabidi iongezwe sharti: haitoshi marehemu kukosa upande, lazima pia awe ameshaingia nyumbani mwa wengi kabla hajafa. Masharti hayo mawili ni nadra kukutana kwa mtu mmoja. Mwanasiasa ameingia nyumbani lakini ana upande. Mkulima wa Nyamukubi hana upande lakini hakuwa amepata nafasi ya kuingia. Lawama kwa hiyo isielekezwe kwa anayemlilia mwimbaji, ielekezwe kwa serikali na kwa magazeti yanayowataja wafu wa Kivu kwa hesabu tu, bila jina, bila kazi, bila wimbo walioupenda.

Uvumi nao unapaswa kusomwa kwa namna hiyohiyo. Hata kabla Wemba hajazikwa, tayari ilisemwa kwamba maikrofoni yake ilitiwa sumu. Steven Kanumba, mwigizaji wa Tanzania ambaye filamu zake zilitazamwa katika nchi za Maziwa Makuu, alipofariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, wengi waliacha maelezo ya polisi wakashika habari za Freemason. Msomi huona aibu juu ya mambo haya, akayapeleka katika kapu la ujinga. Mimi nayaona kuwa uchunguzi wa watu wasio na mahakama. Mauaji ya Makobola hayajapata hukumu kwa zaidi ya robo karne. Kuhusu mauaji ya Gatumba, kundi la waasi wa Burundi la FNL lilidai kuhusika siku hizohizo, na bado hakuna aliyehukumiwa. Swali la «nani amemuua?» likiulizwa juu ya hao linaweza kumgharimu mtu maisha. Likiulizwa juu ya mwimbaji, linaweza kupigiwa kelele sokoni Mulongwe kutwa nzima. Watu hulizoeza swali mahali pasipo hatari. Sisemi kwamba sumu ya maikrofoni ni kweli. Hakuna ushahidi wowote. Nasema kwamba hamu ya kutafuta muuaji haikuanzia Abidjan.

Linabaki pingamizi la wale wanaosema wanamuziki hawana usafi huo ninaowapa. Wanayo haki. Katika muziki wa Kongo jina la tajiri au mkubwa hutajwa ndani ya wimbo kwa malipo, desturi iitwayo mabanga, na miongoni mwa waliolipia wamo wanasiasa na maafisa wa jeshi ambao mikono yao si ya kuonyeshwa. Tangu karibu 2011 vijana wa Kikongo walioko Ulaya, wanaojiita *combattants*, walizuia maonyesho ya wanamuziki waliowashutumu kuwa karibu na utawala wa Kabila. Wemba mwenyewe alitiwa hatiani nchini Ufaransa mwaka 2004 kwa kuwasaidia watu kuingia Ulaya kinyume cha sheria, kosa ambalo, nikubali, katika mji ambao kila familia ina mtu aliyekimbia, si rahisi kumpata wa kulilaani. Upande wa mwanamuziki, basi, upo, ila uko katika ramani nyingine: ramani ya watawala na wapinzani wa Kinshasa, Paris na Brussels. Haujalala juu ya mistari inayowagawa majirani wa Uvira.

Mistari hiyo, lakini, inasogea, na hapa hoja yangu inaingia mahali ambapo sina hakika itaendelea kusimama. Wakati wa vita vya waasi wa M23 wanamuziki wameitwa, na wengine wamejitolea, kuimba juu ya vita vyenyewe. Tamasha la «Solidarité Congo» lililoandaliwa Paris mwaka 2025, mwimbaji Gims akiwa miongoni mwa nyota wake, lilipangwa kwanza kufanyika tarehe 7 Aprili, siku ambayo dunia huwakumbuka wahanga wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda. Baada ya malalamiko likahamishiwa tarehe 22. Nia ya waandaaji inaweza kujadiliwa. Lisilojadilika ni kwamba onyesho la muziki wa Kongo liliwekwa ndani ya kalenda ya wafu wanaogombaniwa, na wasikilizaji wa pande mbili za Ruzizi walilazimika kulisoma hivyo. Franco na Wemba waliondoka kabla ya jambo hilo. Nyota watakaokufa miaka ijayo wataacha nyimbo ambazo Munyamulenge wa Uvira atajua ndani yake ametajwa kama nani, na jirani yake Mfuliiru pia atajua, nao watakapozisikia zikipigwa kutwa nzima baada ya tangazo la msiba, kila mmoja ataangalia kwanza mwenzake anafanya nini.