Unataka kujijengea rodsta Meru ama Embu? Chagua hivi

Kabla utume doo ng'ambo, jua unajenga kopi gani. Tatu ndio maarufu:

Cobra: kopi ya AC ya 1962. Kawaida huwekwa V8, na hiyo inabugia mafuta vibaya.

Speedster: kopi ya Porsche ya 1954. Nyingi hukalia chesisi ya Volkswagen Beetle. Ukikosa Beetle safi, umekwama.

Seven: kopi ya Lotus ya 1957. Ni nyepesi na injini ya Toyota inaingia.

Sisi tunasema Seven, juu spea za Toyota hazisumbui Meru wala Embu. Lakini kumbuka mteremko wa Nithi umemaliza watu wengi. Breki kwanza buda, rangi baadaye.