Kitabu Kimoja, Macho Mengi

Ukisimama Namanga, chini ya mlima Ol Doinyo Orok, utaona Kenya na Tanzania zikikutana njiani. Hapo kijana mwenye simu aweza kusoma Biblia kwa Kiswahili, kisha kwa Kimaasai, kisha kwa Kiingereza, akaamua maana mwenyewe pasipo kumngoja mchungaji. Usidhani kuwa jambo hili limezaliwa na simu. Mizizi yake ni mirefu.

Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, mjini Mombasa. Wamisionari waliofuata waliwafundisha watu kusoma ili wapate kuamini. Lakini ajuaye kusoma hujua pia kuuliza. Agano Jipya la Kikikuyu lilitoka mwaka 1926. Ndani yake bikira Mariamu aliitwa muiritu, neno ambalo kwa desturi lilikuwa la msichana aliyekwisha kutahiriwa. Mwaka 1929 misheni kadhaa zilipowataka waumini waikane tohara ya wasichana, walikuwapo waliojibu kwa kitabu kile kile: ikiwa Mariamu alikuwa muiritu, kosa liko wapi? Wengi walijitenga, wakajenga makanisa na shule zao.

Je, walikosa kuuliza? La, kuuliza ilikuwa haki yao. Lakini neno la Kiyunani lililofasiriwa halisemi lolote juu ya tohara. Hoja ilisimama juu ya chaguo la mfasiri. Na desturi ile, iliyowaumiza wasichana wengi, Kajiado pia, Kenya iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2011.

Biblia nzima ya Kimaasai ilitoka mwaka 1991. Aisomaye hukuta Mungu akiitwa Enkai, neno lenye kiambishi cha kike, ambalo pia ni jina la mvua na mbingu. Aliyezoea Kiswahili peke yake hawezi kuliona hilo. Kwa hiyo simu ionyeshayo tafsiri mbili pamoja ni msaada mkubwa, ambao wasomaji wa 1929 hawakuwa nao.

Hata hivyo, simu hukupa aya upesi, ikaiacha sura yake nyuma. Basi wewe usomaye, kabla ya kumhukumu jirani kwa aya moja, soma iliyotangulia na iliyofuata, linganisha tafsiri, kisha waulize waliokutangulia. Uhuru wa kusoma ni mali; asiyeutunza huugeuza kuwa fimbo ya kumpigia mwenziwe.