Shoti ya Uganda Road

Laptopu ikikataa kuwaka, fundi mzuri hapa Eldoret hakimbilii kukuuzia madabodi nyingine. Anagusisha multimita kwenye laini ya volti 19 na graundi. Ikilia tiii, kuna shoti: umeme umepata njia ya mkato. Balaa ni kwamba laini moja inabeba kapasita kibao, zote zimeungwa kwa laini hiyo hiyo, na mita haikuambii ni ipi imekufa. Kwa hivyo anaipa laini volti 1 hivi, anapaka spiriti juu ya bodi, kisha anangoja. Pale spiriti inapokauka kwanza pana joto, na mwizi yuko hapo.

Mara nyingi mwizi ni kapasita ndogo ya kahawia, ya kauri, iliyopasuka tu. Hiyo haina siasa. Mimi naongelea zile nyeusi au za njano zenye mstari upande mmoja (mstari huo ni chanya, ukiigeuza inaweza kushika moto). Nyingi za hizo zina tantalamu, chuma alichokigundua Mswidi Anders Ekeberg mwaka 1802. Miaka ya 1950, maabara za Bell za Marekani zilitengeneza nacho kapasita ndogo inayoweka chaji nyingi, na vifaa vikaanza kuwa vyembamba.

Sasa njoo 2000. Simu zinanunuliwa kama njugu, viwanda vinaogopa kukosa tantalamu, bei inapaa. Mawe yake, koltani, yako Kivu, katikati ya vita vilivyoanza 1998. Watu wanaacha mashamba kuchimba kwa sururu, na mwenye bunduki anachukua fungu lake. Aprili 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliyataja majeshi ya Rwanda na Uganda kwa uporaji wa mali ya Kongo. Bei ilishaanza kuanguka. Bunduki zilibaki.

Reli ilifika Eldoret mwaka 1924 ikielekea Uganda, na hadi leo malori yanapita hapa kwenda Malaba, mengine yakivuka hadi Kongo. Koltani yenyewe huenda kuyeyushwa ng'ambo. Inaturudia kupitia Mombasa, imefichwa ndani ya laptopu ya mtumba, ikipanda barabara ile ile inayoelekea ilikochimbwa.

Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria: kampuni zitangaze kama madini yao yanatoka Kongo au kwa majirani zake. Wanunuzi wengi walikimbia kabisa, na wachimba migodi wa Kivu, hata wasiokuwa na uhusiano na waasi, wakakosa soko. Wao waliiita sheria ya Obama, na si kwa mapenzi.

Mwishoni mwa Aprili 2024 M23 waliteka Rubaya, kwenye migodi inayotoa karibu asilimia 15 ya tantalamu ya dunia. Kufikia Desemba, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kundi hilo linakusanya hapo angalau dola 800,000 kila mwezi, kodi ya koltani peke yake.