Kabla Ushuke Korongo la Hell's Gate, Tazama Mawingu

Kila wikendi naona vijana wa Nairobi wakishuka hapa Kamere, wanakodi baiskeli, huyoo, Hell's Gate. Swali lao ni lilelile: "Msimu wa mvua si umeisha?" Swali zuri, lakini halitoshi.

Korongo la Ol Njorowa lilichongwa na maji. Miaka kama 9,000 iliyopita mvua ilikuwa nyingi kuliko leo, Ziwa Naivasha likajaa, likamwaga maji kusini kupitia hapo. Ziwa lilishuka, ila njia ya maji haijasahau kazi yake.

Aprili 2012, katikati ya msimu wa mvua, mafuriko ya ghafla yaliua vijana saba wa kikundi cha kanisa. Sawa, tukasema Aprili ni mbaya. Septemba 2019, mwezi ambao wengi wanauhesabu kiangazi, maji yakaja tena. Watu saba wakafa, akiwemo mwongozaji.

Umeona? Kalenda haikuwaokoa. Mvua inaweza kunyesha huko juu, na wewe uko chini kati ya kuta za mawe, unapiga picha. Ukisikia maji, umechelewa.

Kwa hivyo panga safari yako Januari au Julai, poa. Lakini siku yenyewe, uliza askari getini kama kumenyesha huko juu. Akisema usishuke, usishuke. Najua umelipa kiingilio na inauma. Pundamilia na Fischer's Tower wako huku juu, zunguka nao. Korongo limengoja miaka elfu, litakungoja wiki moja.